Kapteni Joubert na Swali la Damu: Mlinzi wa Wanyonge Ziwa Tanganyika

Msafiri ateremkaye kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kuelekea Kirando huliona Ziwa Tanganyika limetanda mbele yake, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Katika milima hiyo amelala mlei mmoja ambaye maisha yake yanatuuliza swali zito: je, Mkristo anaweza kuondoa uhai wa mtu bila kumkosea Mungu?

Leopold Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, Ufaransa. Mwaka 1860 alijiunga na askari wa kujitolea waliomlinda Papa Pio IX, na mwaka huohuo akajeruhiwa katika vita vya Castelfidardo. Alitumikia hadi Roma ilipotekwa mwaka 1870, akiwa na cheo cha kapteni. Mwaka 1880 alijitoa kwa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, ili alinde misafara na vituo vyao.

Hatari ilikuwa ya kweli. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge nchini Burundi, mapadre Deniaud na Augier waliuawa pamoja na msaidizi wao mlei, D'Hoop. Pande zote mbili za ziwa, wakamata watumwa walichoma vijiji, wakaua wazee na kuwafunga minyororo vijana, wanawake na watoto. Waliookoka walikimbilia kwenye misheni. Padre hakuweza kushika bunduki. Lakini je, aliyepewa dhamana ya kuwalinda wakimbizi hao angefungua lango na kuwakabidhi?

Baada ya kwenda kwao kwa muda mfupi, Joubert alirudi akipitia Karema, chimbuko la jimbo letu la Sumbawanga, na mwaka 1887 akafika Mpala, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1888 alifunga ndoa na Agnesi, binti wa huko, wakajaliwa watoto wengi. Akiwafundisha vijana wa vijijini kujilinda, aliyazuia majeshi ya Rumaliza, mfanyabiashara mkuu wa Ujiji, hadi msaada wa Kapteni Jacques kutoka Ubelgiji ulipofika mwaka 1891. Watu walikufa kwa risasi zake na za askari wake. Hilo tusilifiche.

Mtakatifu Augustino alisita kumruhusu mtu binafsi kuua ili aokoe maisha yake mwenyewe, bali alimtofautisha na yule aliyekabidhiwa ulinzi wa wengine. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba anayejilinda hakusudii kifo cha mshambuliaji bali usalama, na kwamba akitumia nguvu kupita kiasi tendo lake huwa haramu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaongeza kwamba kwa mwenye dhamana juu ya maisha ya wengine, kuwalinda ni wajibu mzito. Kwa kipimo hicho, Joubert alizuia kifo, hakukitafuta.

Hata hivyo bunduki haina dhamiri. Dola Huru ya Kongo, iliyojisifu kwa kuwafukuza wakamata watumwa, iliwaua na kuwatesa watu wengi mno kwa ajili ya mpira na pembe za ndovu. Sababu njema ya jana haihalalishi damu ya leo. Kila tendo hupimwa upya.

Ndugu zangu, tupime na matendo yetu. Katika nchi yetu wapo vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, watu wenye ualbino waliowindwa kwa ajili ya viungo vyao, na wezi waliochomwa moto mikononi mwa umati. Wauaji hao hudai kwamba wanailinda jamii. Lakini bibi aliyekaa jikoni kwake hamshambulii mtu, na mwizi aliyekwisha kufungwa kamba si hatari tena. Huo si ulinzi, ni uuaji. Tangu mwaka 2018, Katekisimu inafundisha kwamba hata adhabu ya kifo inayotolewa na serikali haikubaliki. Sembuse hukumu ya umati?

Joubert alizeeka akiwa kipofu, maskini, akiishi miongoni mwa watu aliowalinda. Alifariki tarehe 27 Mei 1927. Tumwombe Mungu atujalie ujasiri wake wa kusimama mlangoni pa mnyonge, hasa pale umati unapokuja kumtafuta na waliomo ndani yake ni majirani zetu.