Alirudi Kule Alikofanywa Mtumwa: Maisha ya Patrick wa Ireland



Jumapili ya kuweka watoto wakfu, wazazi wakishapanga mstari mbele ya madhabahu, hebu sikiliza majina. Utasikia Brian, utasikia Kevin, utasikia Bridget, na ni nadra umkose Patrick. Majina hayo yametufikia kutoka Ireland, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Na kanisa gani hapa Kenya halina Patrick? Kama hayuko kwenye kwaya, yuko mlangoni akikaribisha wageni. Lakini ukimuuliza jina lake lilianzia wapi, atakuambia alirithi kwa babu, basi.

Wiki hii wacha tumwangalie mwenye jina. Sisi hatuwaombi watu waliokufa, tunamwomba Baba kwa jina la Yesu. Hata hivyo Waebrania sura ya 13 inatuagiza tuwakumbuke waliotutangulia katika Neno na tujifunze kwa imani yao. Huyu ana kitu cha kutufundisha, hasa wewe ambaye kuna mahali uliumizwa na umeapa hutakanyaga huko tena.

Labda umesikia ati Patrick ndiye aliyefukuza nyoka wote Ireland. Hiyo ni hadithi iliyotungwa baadaye. Kisiwa hicho hakikuwa na nyoka hata kabla yake. Tuko na kitu bora kuliko hadithi. Patrick mwenyewe aliacha maandishi mawili kwa Kilatini: moja ni Confessio, yaani ungamo, ambamo anaeleza maisha yake, na la pili ni barua kwa askari wa mtawala mmoja aliyeitwa Coroticus. Haya tunayosimulia yametoka humo.

MTOTO WA SHEMASI

Patrick aliishi katika karne ya 5. Alizaliwa Britania, kisiwa ambacho Warumi walikuwa wamekitawala kwa muda mrefu. Baba yake, Calpornius, alikuwa shemasi na pia diwani wa mji wao. Babu yake, Potitus, alikuwa kasisi. Walikuwa na shamba, na walikuwa na watumwa, wa kiume na wa kike. Hata jina lake, Patricius kwa Kilatini, ni la watu wa tabaka la juu. Huyu alikuwa mtoto wa nyumba kubwa.

Lakini kumbe dini ilikuwa sebuleni tu, moyoni haikuwa imefika. Yeye mwenyewe anakiri kwamba wakati huo hakumjua Mungu wa kweli, na mahubiri ya makasisi hayakumwingia. Wazazi, hapo tusipite haraka. Mtoto anaweza kulelewa na shemasi, babu yake akiwa mtumishi wa Mungu, na bado awe hajaokoka. Wokovu haurithiwi kama shamba.

Alipokuwa na umri wa karibu miaka 16, umri wa kijana wa sekondari, maharamia kutoka Ireland walivamia. Walibeba watu maelfu, na Patrick akiwa mmoja wao. Yule aliyezaliwa akihudumiwa na watumwa akavushwa bahari akawa mtumwa.

SHULE YA MALISHONI

Kazi aliyopewa ilikuwa kuchunga mifugo. Alikaa miaka 6 katika utumwa huo, mvua yake, theluji yake, na baridi ya kukata mifupa. Lugha ilikuwa ngeni, hakuna mama, hakuna anayemwita kwa upendo. Masomo yake yalikatika hapo, na mpaka uzeeni aliona aibu kwa sababu Kilatini chake hakikuwa cha wasomi.

Sasa angalia kazi ya Mungu. Kule malishoni, bila kanisa, bila kwaya, bila mtu wa kumwekea mikono, kijana alianza kuomba. Alikumbuka dhambi zake, akamgeukia Bwana kwa moyo wote. Kwa siku moja aliweza kuomba mara mia, na usiku karibu idadi iyo hiyo. Aliamka kabla ya mapambazuko akaingia msituni ama mlimani kuomba, na hakusikia uvivu, maana Roho alikuwa akiwaka ndani yake. Sisi tukifanya kesha moja ya Ijumaa tunaongea juu yake wiki nzima!

Usiku mmoja akiwa usingizini alisikia sauti ikimjulisha kwamba atarudi kwao, na kwamba merikebu yake iko tayari. Merikebu yenyewe haikuwa karibu. Ilikuwa mbali kama maili 200, umbali unaokaribia ule wa kutoka Nairobi hadi Kisumu, na njiani hakumjua hata mtu mmoja. Patrick alimwacha bwana wake akatoroka, akafika. Nahodha akakasirika akamkatalia kupanda. Alipokuwa akirudi kwenye kibanda alikokuwa amejihifadhi, alianza kuomba, na kabla hajafika amina mabaharia wakamwita arudi wamchukue.

Walisafiri siku 3 baharini, kisha wakatembea siku 28 katika nchi isiyokuwa na watu. Chakula kikaisha. Nahodha, ambaye hakuwa Mkristo, akamuuliza mbona Mungu wake mkuu hawasaidii. Patrick akawahimiza wamgeukie Mungu huyo kwa imani, na siku hiyo hiyo kundi la nguruwe likatokea njiani mbele yao. Walikula wakashiba, wakapumzika hapo siku mbili.

SAUTI ZA WALIOMTESA

Baada ya miaka michache alifika nyumbani. Jamaa zake walimpokea kama mwana, wakamsihi baada ya taabu zote hizo asiwaache tena. Hata wewe ungesema hivyo hivyo. Mtoto aliyepotea amerudi, sasa atulie, aoe, atunze shamba.

Lakini usiku mmoja aliona maono. Mtu aliyeitwa Victoricus alikuja kutoka Ireland akiwa na barua nyingi sana, akampa moja. Alipoanza kuisoma, alisikia kama sauti ya watu wa Ireland, wale wa karibu na msitu wa Foclut ulio kando ya bahari ya magharibi, wakimsihi kwa pamoja arudi atembee kati yao tena. Moyo ulimchoma mpaka hakuweza kuendelea kusoma, akaamka. Msomaji wa Biblia atakumbuka Paulo na mtu wa Makedonia, Matendo 16. Tofauti ni kwamba Wamakedonia walikuwa hawajamkosea Paulo. Hawa wa Patrick ndio waliomla miaka 6 ya ujana wake.

Hakuondoka kesho yake. Miaka ilipita, akawa shemasi, kisha akawa askofu, ndipo akarudi Ireland kuhubiri. Hakuwa wa kwanza kabisa kupeleka Injili, kwa sababu mwaka 431 askofu Palladius alikuwa ametumwa kwa waumini wachache waliokuwa huko. Lakini Patrick alisukuma mpaka mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika kubatiza. Alibatiza maelfu na kuweka watumishi kila mahali. Walipomletea zawadi, hata wanawake waliporusha mapambo yao juu ya madhabahu, aliwarudishia, mtu asije akasema anauza Injili. Wako wapi watumishi wa namna hiyo leo?

Na hakukuwa na raha. Wakati mmoja walimkamata pamoja na wenzake, wakanyang'anywa kila kitu, naye akafungwa kwa minyororo ya chuma. Siku ya 14 akafunguliwa. Mtu aliyewahi kuwa mtumwa akavikwa minyororo mara ya pili katika nchi ile ile, na bado hakukata tiketi ya kurudi kwao.

Donda lingine lilitoka ndani ya kanisa. Kabla hajawa shemasi alikuwa amemwambia rafiki yake wa karibu dhambi moja aliyoifanya utotoni, kabla ya kutimiza miaka 15. Miaka 30 baadaye siri hiyo ilitolewa nje na wazee wa kanisa wakaitumia kumshtaki. Patrick aliumia sana, karibu aanguke. Lakini katika maandishi yake hamlaani rafiki huyo. Anamsikitikia. Alimwachia Mungu, akaendelea na kazi.

KUSAMEHE SI KUNYAMAZA

Kuna watu wakisikia neno msamaha wanafikiri ni kufunga mdomo. Patrick hakuwa hivyo.

Siku moja alibatiza kundi la waumini wapya. Kesho yake, wakiwa bado katika mavazi yao meupe ya ubatizo, askari wa Coroticus waliwashambulia. Wengine waliuawa kwa upanga, wengine walibebwa wakauzwa utumwani. Na Coroticus huyu na watu wake walijiita Wakristo!

Patrick alituma barua kwa mkono wa kasisi aliyemfundisha tangu utotoni, akiomba mateka waachiliwe. Askari walicheka tu. Ndipo akaandika barua ya pili, ya wazi, kali kama moto. Aliwatangaza kuwa wametengwa na kanisa. Aliwaagiza waumini wasile nao, wasinywe nao, wasipokee sadaka zao, mpaka watubu kwa machozi na kuwaweka huru watumwa wa Mungu. Mule ndani anakumbusha kwamba yeye alizaliwa huru, mtoto wa diwani, na kwamba alikiuza cheo hicho cha kuzaliwa kwa faida ya wengine wala haoni haya. Jina lake lilikuwa la mtu wa tabaka la juu, naye akasimama upande wa waliouzwa.

Maumivu yake mwenyewe aliyasamehe. Lakini watoto wa wengine walipouzwa, hakusema tuwaombee tu. Alisema jina la mkosaji mbele ya watu wote.

WEWE JE?

Mpendwa, pengine kuna nyumba ya shangazi uliyolelewa kwa kusimangwa. Pengine ni ndugu aliyekunyima kipande cha shamba, mpaka matanga yakitokea kijijini unatafuta sababu ya kutokwenda. Pengine ni mtu wa kanisa aliyetoa siri yako.

Usinielewe vibaya. Simwambii dada anayepigwa arudi kesho kwa anayempiga ati kwa sababu Patrick alirudi. Soma mpangilio vizuri. Mungu yule aliyempa maono ya kurudi ndiye aliyemwambia kwanza atoroke. Alimtoa, akampeleka nyumbani, akampa miaka ya kupona na kufundishwa. Aliporudi, hakurudi kuwa mtumwa wa mtu. Alirudi akiwa huru, akiwa ametumwa, akiwa na ujumbe. Kama Mungu anakuambia utoke, toka, na usione hatia. Na kama umeshatoka, mwombe akuponye mpaka uweze kuwaombea waliokutesa bila meno kusagika.

Kisha angalia na upande wa pili. Yule msichana anayekufanyia kazi nyumbani, mshahara wake wa mwezi uliopita umeulipa? Analala saa ngapi? Anaruhusiwa kuja ibadani, ama Jumapili ndiyo siku ya kufua? Coroticus naye alijiita Mkristo. Haitasaidia kunena kwa lugha hapa kanisani kama huko nyumbani kuna mtu analia kwa sababu yako.

Yusufu aliuzwa na ndugu zake, na mwisho Mungu akakigeuza kile kibaya kikawa wokovu wa wengi, Mwanzo 50. Patrick aliuzwa, akaijifunza lugha ya waliomnunua akichunga mifugo yao, na lugha hiyo hiyo ndiyo iliyomfaa kuwahubiria. Mungu hakuipoteza hata siku moja ya ile miaka 6. Wewe nawe miaka yako iko mikononi mwake.

Kama jina lako ni Patrick, sasa unajua unabeba nini. Na kama si jina lako, mlango ni ule ule.

Tuombe. Baba, kwa jina la Yesu, tunakuletea mahali tulipoumizwa. Mtoe aliye bado kifungoni. Mponye aliyetoka na bado anavuja damu moyoni. Utupe neema ya kuwasamehe waliotukosea, na ujasiri wa kuwatetea wanaoonewa leo. Na kama kuna mtu tunayemwonea sisi, tuonyeshe kabla jua halijazama, tutengeneze naye. Amina.