Erle Halliburton: Fundi wa saruji aliyebadili uchimbaji wa mafuta

Kila tunapozungumza redioni kuhusu gesi ya Songo Songo au ya Mnazi Bay, kuna swali ambalo wasikilizaji hawaachi kutuuliza. Kisima kikishachimbwa maelfu ya mita kwenda chini, ni nini kinachozuia gesi isipande yenyewe pembeni mwa bomba ikatokea juu? Na ni nini kinachoizuia isiingie kwenye maji tunayokunywa?

Jibu lake ni fupi: saruji, na vipimo vya kuhakikisha kwamba saruji hiyo imeshika. Lakini nyuma ya jibu hilo yupo mtu mmoja ambaye jina lake bado limeandikwa kwenye magari na mitambo ya mafuta duniani kote, ingawa mwenyewe alifariki mwaka 1957. Anaitwa Erle Palmer Halliburton, raia wa Marekani. Leo tunayasimulia maisha yake, kwa sababu ukiyafahamu utaelewa pia kwa nini kisima cha mafuta au gesi hakiwi salama kwa kuwa tu kimekamilika.

Mtoto wa kijijini

Halliburton alizaliwa tarehe 22 Septemba 1892 karibu na mji mdogo wa Henning, katika jimbo la Tennessee. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Alipofika umri wa miaka 14 aliondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi ili aisaidie familia. Alifanya kazi za aina nyingi, kisha akajiunga na jeshi la wanamaji la Marekani.

Huko jeshini ndiko alikopata elimu iliyomfaa maisha yake yote. Alijifunza mashine za melini, hasa pampu na nguvu ya maji yanayosukumwa kwa presha. Hakwenda chuo kikuu. Alichokuwa nacho ni mikono ya fundi na kichwa cha kibishi.

Alipotoka jeshini alielekea California, ambako mafuta yalikuwa yakichimbwa kwa kasi. Akaajiriwa na kampuni ya mtu aitwaye Almond Perkins, ambayo kazi yake ilikuwa kuweka saruji ndani ya visima. Hakudumu. Alikuwa na tabia ya kupendekeza njia mpya za kufanya kazi hata pale ambapo hakuulizwa, na mwisho wake aliachishwa kazi. Hata hivyo aliondoka na ujuzi ambao watu wachache sana walikuwa nao wakati ule.

Saruji inafanya nini chini ya ardhi?

Hapa tusimame kidogo ili twende pamoja. Msikilizaji aliyewahi kuona kisima kirefu cha maji kikichimbwa kijijini anajua kwamba mafundi huteremsha bomba, kisha huziba sehemu ya juu kwa saruji ili maji machafu yasiingie ndani. Kisima cha mafuta au gesi kinafuata wazo hilohilo, ila hatari yake ni kubwa zaidi.

Mtambo unapotoboa mwamba, hupita tabaka moja baada ya jingine. Kuna tabaka la maji baridi tunayokunywa, kuna la maji ya chumvi, kuna la gesi, na kuna la mafuta. Tabaka hizo zimetengana kwa mamilioni ya miaka. Shimo moja likizitoboa zote, zinakuwa zimefunguliwa mlango wa kukutana.

Mafundi huteremsha bomba la chuma ndani ya shimo. Lakini kati ya bomba na mwamba hubaki mwanya. Mwanya huo ukiachwa wazi, maji ya chumvi yatashuka na kuharibu mafuta, na gesi itapanda. Gesi ikipanda kwa nguvu hutupa juu kila kilichomo kisimani, na cheche moja tu inatosha kuwasha moto mkubwa.

Kwa hiyo saruji huchanganywa na maji mpaka iwe kama uji, kisha husukumwa kwa pampu kupitia ndani ya bomba. Ikifika chini kabisa hutokea mdomoni mwa bomba na kupanda kwa nje, ikijaza ule mwanya. Ikishaganda, bomba na mwamba vinakuwa kitu kimoja na kila tabaka linabaki mahali pake.

Halliburton hakuwa wa kwanza kufikiria jambo hili. Huko California saruji ilikuwa ikitumika visimani tangu mwaka 1903. Alichofanya yeye ni kuipeleka mahali ambako wengi hawakuitaka, na kuigeuza kuwa kazi inayofanywa kwa haraka na kwa utaratibu unaojulikana.

Nyumbu, pampu ya kuazima na pete ya ndoa

Mwaka 1919 Halliburton na mkewe Vida walifika kaskazini mwa Texas, ambako watu walikuwa wakikimbilia mafuta. Visima vilichimbwa karibu karibu, kila mmoja akitaka kuwahi kabla ya jirani yake. Maji yaliingia visimani na gesi ilipotea hewani, lakini wenye visima hawakujali sana. Walichokitaka ni mafuta yatoke leo.

Halliburton aliwaendea mmoja mmoja. Wengi walimkatalia. Waliona kumwaga saruji kwenye kisima ni kuharibu mali, na kwamba huenda ikayafunga mafuta yenyewe. Isitoshe, ilikuwa ni gharama ambayo faida yake haionekani kwa macho. Kisima kilichofungwa vizuri hakina la kuonyesha. Kinakaa kimya tu.

Alianza na gari la kukokotwa, nyumbu wa kulivuta, yaani wale wazao wa punda na farasi, pamoja na pampu. Vyote hivyo aliviazima. Sanduku la kuchanganyia saruji alilitengeneza mwenyewe kwa mbao. Inasimuliwa kwamba fedha zilipokwisha, pete ya ndoa ya Vida iliwekwa rehani ili kazi iendelee. Baadaye waliingia jimbo jirani la Oklahoma, na hatimaye wakaweka makao katika mji wa Duncan.

Bahati yake iligeuka Januari 1920. Karibu na mji wa Wilson, Oklahoma, kulikuwa na kisima cha tajiri W. G. Skelly ambacho gesi yake ilikuwa imeshindikana kuzuiwa. Halliburton alikifunga kwa saruji na kikatulia. Habari zikaenea. Waliokuwa wakimfukuza jana wakaanza kumtafuta.

Fundi anakuwa tajiri

Mwaka 1921 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa njia yake ya kuzuia maji yasiingie kwenye visima vya mafuta. Alibuni pia mashine ya kuchanganya saruji ambayo iliwaokoa wafanyakazi na kazi ya majembe. Saruji kavu iliporomoka kutoka juu na kukutana na maji yanayorushwa kwa nguvu, na papo hapo ikawa uji.

Hilo si jambo dogo. Saruji inaanza kuganda mara tu ikiguswa na maji. Ikichanganywa polepole inaweza kuganda bomba halijajazwa, na ikichanganywa vibaya inakuwa na sehemu nzito na sehemu nyepesi, kisha gesi hupenya palipo pepesi. Mashine ile ilifanya kila sehemu ya uji iwe sawa na nyingine.

Mwaka 1924 kampuni yake iliandikishwa rasmi, na kampuni saba za mafuta zikanunua hisa ndani yake. Fikiria hilo: wenye visima, ambao miaka mitano tu nyuma waliiona saruji kuwa hasara, sasa waliweka fedha zao humo.

Alikuwa mfanyabiashara mgumu. Alitetea hataza zake mahakamani, na za wengine alizipinga. Kesi moja, iliyohusu kifaa cha kupima kwa mwangwi wa sauti kina cha mafuta kisimani, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani na kampuni yake ikashinda mwaka 1946. Pembeni ya mafuta alianzisha shirika la ndege mwaka 1929 na kuliuza muda mfupi baadaye. Tena, akiwa amechoka kuona masanduku yake ya safari yakiharibika kwenye barabara za vumbi, alitaka yatengenezwe ya alumini. Masanduku ya aina hiyo yanauzwa mpaka leo.

Mwaka 1938 kampuni ilitia saruji kisima cha majini kwa mara ya kwanza, mitambo ikiwa juu ya tishari. Halliburton alifariki Los Angeles tarehe 13 Oktoba 1957, akiwa na umri wa miaka 65.

Saruji bila kipimo ni matumaini

Tungeweza kuishia hapo, lakini hadithi ya jina hili haikuisha na kifo chake.

Shida kubwa ya saruji ya kisimani ni kwamba hakuna anayeiona. Imefichwa chini, nyuma ya chuma. Fundi hawezi kuigonga kwa nyundo kama ukuta wa nyumba. Ndiyo maana kazi hii ilizaa vipimo. Cha kwanza ni subira, maana uji hupewa saa za kutosha kuganda kabla ya kazi nyingine kuendelea. Cha pili ni kujaza bomba maji kwa presha, kulifunga, kisha kutazama geji. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja. Cha tatu ni kinyume chake, yaani kupunguza presha ndani ya kisima na kuangalia kama kuna kitu kinasukuma kutoka nje kuingia ndani. Kikisukuma, saruji haijaziba. Cha nne ni kuteremsha kifaa kinachotoa sauti na kusikiliza jinsi inavyorudi, kwa sababu bomba lililoshikwa na saruji haliliki kama bomba tupu.

Tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa Deepwater Horizon ulikuwa ukimalizia kisima cha Macondo katika Ghuba ya Mexico, kwenye bahari ya kusini mwa jimbo la Louisiana. Kisima kilikuwa cha kampuni ya BP, mtambo ulikuwa wa kampuni ya Transocean, na saruji iliwekwa na kampuni ya Halliburton, ileile iliyoanza kwa nyumbu wa kuazima.

Saruji haikushika. Tume iliyoundwa na rais wa Marekani ilibaini kwamba vipimo vya maabara vilivyofanywa kabla vilikuwa vimeonyesha kuwa mchanganyiko ule haukuwa imara. Wataalamu waliokuja kupima kwa sauti walirudishwa nchi kavu asubuhi ileile bila kufanya kazi yao. Jioni kilifanyika kipimo cha kupunguza presha, na namba zilionyesha wazi kwamba kisima kinasukuma. Wahusika walijadiliana, wakapata maelezo ya kujiridhisha, kisha wakaendelea.

Usiku huo gesi ilipanda. Watu 11 walikufa. Mafuta yaliendelea kumwagika baharini kwa siku 87. Mwaka 2014 jaji aligawa lawama: asilimia 67 kwa BP, 30 kwa Transocean na 3 kwa Halliburton. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya Halliburton ilikuwa imekiri mahakamani kosa la kuharibu ushahidi uliohusu kazi ya saruji baada ya ajali.

Tukiweka mambo haya mawili pamoja, tunapata somo. Mwaka 1919 tatizo lilikuwa kwamba hakukuwa na saruji. Mwaka 2010 saruji ilikuwepo, mashine zilikuwepo, vipimo vilikuwepo na wasomi walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuamini kipimo kinaposema hapana, na kusimamisha kazi hata kama kila saa ya kusubiri inagharimu fedha nyingi.

Linatuhusu nini sisi?

Gesi iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Mafuta yamepatikana Turkana nchini Kenya na kandokando ya Ziwa Albert nchini Uganda. Wako wasikilizaji wetu ambao mashamba yao, malisho yao au maji yao ya kuvua yako jirani na visima.

Si lazima mwananchi awe mhandisi ili aulize swali zuri. Viongozi wa kampuni na wa serikali wakija kwenye mkutano wa kijiji, tunaweza kuwauliza mambo manne. Saruji ya kisima hiki imepimwa kwa njia gani? Nani mwingine, asiyelipwa na mwenye kisima, ameyaona matokeo? Maji ya visima vyetu yalipimwa kabla ya uchimbaji kuanza, ili tuwe na cha kulinganisha baadaye? Na kisima kikiisha kazi, nani atakiziba, na nani atakuja kukikagua?

Maswali hayo hayapingi maendeleo. Halliburton mwenyewe alijenga utajiri wake kwa kuwashawishi matajiri walipe kwa ajili ya kitu ambacho hawatakiona kamwe. Wanaoishi juu ya ardhi ileile nao wana haki ya kujua kama kitu hicho kipo, na kama kimeshika.