Abdur Rahman Chughtai: Fundi wa Nakshi Aliyekwenda London

Wengi wetu hapa chuoni tunaulizwa nyumbani kama elimu ya Kizungu haitatubadilisha tukasahau kwetu. Mimi nikiulizwa, humtaja Abdur Rahman Chughtai, mchoraji wa Lahore aliyefariki mwaka 1975.

Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, India ikitawaliwa na Waingereza. Ufundi wa nakshi alifundishwa msikitini na mzee wa ukoo wake. Kisha alisoma katika chuo cha sanaa cha Mayo, mjini humo humo, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa uchapaji wa picha za rangi. Angeweza kuiga wachoraji wa Ulaya, lakini alishika njia ya michoro ya Uajemi na ya zama za wafalme wa Mughal.

Mwaka 1928 alitoa Muraqqa-i-Chughtai, kitabu cha mashairi ya Ghalib ya Kiurdu pamoja na picha zake. Dibaji iliandikwa na Muhammad Iqbal. Kwa kitabu hicho, picha ambazo zingebaki kutani kwa tajiri mmoja ziliwafikia wasomaji wengi.

Katika miaka ya 1930 alikwenda London kujifunza kuchapa kwa bamba la shaba. Bamba hupakwa nta, fundi huchora juu yake kwa sindano, kisha tindikali hula shaba pale nta ilipochanwa. Mifereji ile hujazwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Aliacha chapa za namna hiyo zinazokaribia 300, na ukizitazama, sura, mavazi na majengo ni ya Mashariki.

Pakistani ilipozaliwa mwaka 1947, taifa lilimhitaji. Alisanifu mojawapo ya stempu zake za kwanza, zilizotoka mwaka 1948, hivyo kazi yake ikasafiri juu ya barua za watu wa kawaida.

Najua maulamaa wana kauli zao kuhusu kuchora viumbe vyenye roho. Hilo nawaachia wenyewe. Mimi nachukua hili: aliyekwenda London alikuwa tayari fundi, mwenye msingi alioupata msikitini. Basi nasi tusiingie darasani mikono mitupu. Tuijue dini yetu, lugha zetu na kazi za wazee wetu, ndipo elimu ya wengine itutumikie. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.