Kurt Hahn: Mwalimu mgonjwa aliyewafunza vijana ujasiri baharini

VIJANA walionusurika saratani na maradhi mengine mazito wanapofunga safari ya pamoja kwa kayaki, wakipiga makasia mchana na kulala mahemani usiku, huwa wanapita njia iliyopaliliwa na mwalimu ambaye mwenyewe aliandamwa na ugonjwa tangu ujanani.

Kurt Hahn alizaliwa Berlin, Ujerumani, mnamo Juni 5, 1886, katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza. Mwaka wa 1904 jua kali lilimdhuru vibaya kichwani. Masomo yake katika Chuo Kikuu cha Oxford yakakatizwa, akafanyiwa upasuaji na kulazimika kukaa muda mrefu katika chumba chenye giza. Maisha yake yote yaliyosalia aliliogopa jua, akijikinga kwa kofia pana.

Ni katika upweke huo alipobuni shule aliyoitamani, ambamo kijana angefunzwa si vitabu pekee, bali pia kustahimili taabu, kuwahudumia wenzake na kuushinda udhaifu wa mwili. Mnamo 1920, kwa ushirikiano na Prince Max wa Baden, Chansela wa mwisho wa Ujerumani ya kifalme, alifungua shule ya Salem kusini mwa nchi hiyo.

Mtihani mkubwa ulimfika 1932. Wafuasi wa Hitler walimuua mfanyakazi mmoja mbele ya mamake kijijini Potempa, naye Hitler akawatetea wauaji hadharani. Hahn aliwaandikia waliosomea Salem akiwataka wachague kati ya shule yao na Hitler. Machi 1933, Hitler akiwa tayari mamlakani, mwalimu huyo alitiwa mbaroni. Aliachiliwa baada ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, kuingilia kati, akahamia Uingereza akiwa amepoteza shule na nchi.

Hakukata tamaa. Mnamo 1934 alianzisha shule ya Gordonstoun huko Scotland, ambako Prince Philip alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo.

Vita Vikuu vya Pili vilimletea kazi nyingine. Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli, aliona kwamba meli zilipozamishwa na Wajerumani, mabaharia chipukizi walikufa upesi kuliko wazee, ingawa walikuwa na nguvu zaidi. Kilichopungua ni imani ya kwamba wangeweza kunusurika. Mnamo 1941 wawili hao walifungua shule ya Outward Bound mjini Aberdovey, Wales. Huko, vijana katika vikundi vidogo waliendesha mashua, wakapanda milima na kujifunza kutegemeana.

Wazo hilo lilifika Kenya miaka ya 1950, shule ya aina hiyo ilipojengwa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Hahn pia ndiye aliyemchochea Prince Philip kuanzisha tuzo ya vijana ya Duke of Edinburgh mnamo 1956, ambayo humu nchini ilizaa Tuzo ya Rais mwaka wa 1966.

Hahn alirejea Ujerumani miaka ya 1950 na kuaga dunia huko Desemba 14, 1974, akiwa na umri wa miaka 88. Hakugundua dawa yoyote. Alionyesha tu kwamba aliyeponea kifo bado ana haja ya kitu ambacho hospitali haiwezi kumpa: kukabidhiwa kasia na kuaminiwa na wenzake kwamba atalivuta.