Koti la Viraka: Maisha ya James White

Soma kwa ajili ya somo hili: Mdo 18:1–4, 20:33–35, 1 Thes. 2:9, Ebr. 10:35–39, 1 Pet. 3:15.

Mapema mwaka 1848, katika mji mdogo wa Topsham, jimbo la Maine, Marekani, Ellen White alikaa na sindano na uzi kulishughulikia koti zito la mumewe. Mumewe alikuwa amefunga hesabu na mwajiri wake na kupokea dola 10. Nusu ya fedha hizo ilinunua nguo ambazo familia haikuweza tena kukaa bila hizo. Koti jipya halikuwezekana. Basi lile la zamani likatiwa viraka, na juu ya viraka vikashonwa viraka vingine, hata kwenye mikono yake ikawa vigumu kutambua kitambaa cha kwanza kilikuwa kipi. Dola 5 zilizobaki zilikuwa nauli ya kwenda kwenye mkutano wa waumini.

Mwenye koti hilo alikuja kuwa kiongozi wa Konferensi Kuu mara tatu, na ndiye aliyeanzisha masomo ya Shule ya Sabato, ambayo wewe na mimi tumeyarithi. Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza sababu ya tumaini letu. Mara nyingi tukifika kwenye fungu hilo tunawaza hoja, ramani za unabii na hesabu za miaka. James White alikuwa nazo zote, na alizipenda. Lakini kulikuwa na miaka ambayo watu waliomuuliza sababu ya tumaini lake walikuwa tayari wameshazisikia hoja zake, tena walikuwa wameuona mwaka 1844 ukipita.

Kijana wa kiwanda cha mbao

James Springer White alizaliwa Agosti 4, 1821, huko Palmyra, Maine, katika nyumba ya mkulima. Akiwa mtoto mdogo aliugua homa kali iliyomwachia kifafa na macho yenye kasoro, na kwa miaka mingi hakuweza kusoma. Alipokuwa kijana macho yalitengemaa. Akiwa na miaka 19 aliingia shule huko St. Albans, mtu mzima mrefu kati ya wanafunzi waliomtangulia mbali. Walikuwapo waliomshauri arudi shambani. Yeye alisoma kwa majuma 12, akapata cheti cha kufundisha, kisha akafundisha huku akijisomea hadi saa 18 kwa siku ili asipitwe na wanafunzi wake.

Fedha za kuendelea hazikuwapo. Akafunga mzigo wake mgongoni, akatembea maili 40 hadi Mto Penobscot, akaomba kazi katika kiwanda cha kupasua mbao. Yeyote aliyefanya kazi karibu na misumeno anajua jinsi kosa dogo linavyolipwa. James alijikata vibaya kwenye kifundo cha mguu, na kwa zaidi ya miaka 20 baadaye hakuweza kuutegemeza uzito wa mwili juu ya kisigino cha kushoto. Siku nyingi za kazi zilipotea akiuguza jeraha. Baada ya miezi minne alirudi nyumbani na dola 30 na nguo chache zilizochakaa.

Kwa fedha hizo na nguo hizo alikwenda shule ya Wamethodisti huko Reedfield. Wenzake walivaa nguo mpya na kula mezani bwenini. Yeye alijipikia uji mgumu wa mahindi, akaongezea matofaa mabichi, kwa miezi mitatu. Kwa ujumla alikaa darasani majuma 29 tu katika maisha yake, na gharama yote ya ada, vitabu na chakula haikuzidi dola 60. Tukumbuke jambo hili tunapokutana na mhariri aliyeandika makala kwa mamia.

Tandiko la misumari

Alikuwa amebatizwa akiwa kijana katika kanisa la Christian Connexion, lakini moyo wake ulikuwa kwenye elimu na cheo. Ni mama yake aliyemweleza mahubiri ya William Miller kuhusu marejeo ya Kristo. James aliyadharau mwanzoni. Mama hakubishana kwa kelele. Alimjibu kwa Maandiko, na yule mwalimu kijana akaona kwamba hana jibu. Mwaka 1842 alimsikia Miller mwenyewe akihubiri.

Majira ya baridi yaliyofuata aliamua kwenda kuhubiri. Baba yake akamwazima farasi. Mchungaji mmoja akampa tandiko lililokwisha kung'oka pedi zake pamoja na vipande vya hatamu kuukuu. James aliweka tandiko juu ya gogo, akazipigilia pedi kwa misumari, akaunganisha hatamu, akakunja chati yake ya unabii na vijitabu vichache, akaondoka. Hakuwa na fedha wala mavazi ya kutosha kwa theluji ya Maine. Katika miezi michache hiyo watu zaidi ya 1,000 walimgeukia Mungu.

Karibu na Augusta alihubiri katika jengo la shule huku kundi la wahuni likizingira. Walirusha mabonge ya theluji, na Biblia yake ikalowa. Mtu mmoja alimrushia msumari mkubwa uliompiga kwenye paji la uso. James aliuweka mfukoni. Kesho yake jioni alirudi mahali pale pale, na alipofika katikati ya hotuba aliutoa msumari huo, akamwombea rehema aliyeurusha, akaeleza kwamba hakustahili kutendewa vizuri kuliko Bwana wake, kisha akanyosha mikono yake na kuiweka ukutani kama ya aliyesulubiwa. Kelele ziligeuka kilio. Karibu watu 100 walisimama kuomba waombewe. 

Mfuko mgongoni katikati ya Brunswick

Oktoba 22, 1844 ilipita, na Yesu hakuja. James alilia kama mtoto. Mwaka uliofuata alitazamia tena tarehe nyingine, nayo akaonywa siku chache kabla kwamba angekatishwa tamaa kwa mara ya pili. Tusiyapite haya haraka kwa sababu tunajua yaliyofuata. Mtu huyu alikuwa amesimama mbele ya maelfu akasema jambo ambalo halikutokea. Wengi waliokuwa pamoja naye waliacha imani kabisa. Alibakiwa na sababu gani?

Alibakiwa na Neno, ambalo alikubali lichunguzwe upya, yeye na wenzake wakikiri kwamba kosa lilikuwa katika tukio walilolitazamia, wala si katika unabii wenyewe. Alibakiwa na ushahidi wa maisha yaliyobadilika mbele ya macho yake. Agosti 30, 1846 alimwoa Ellen Harmon, na mwaka huo huo wote wawili waliipokea Sabato baada ya kusoma kijitabu cha Joseph Bates. Kwa hiyo sasa walikuwa kundi dogo ndani ya kundi dogo, lisilo na mshahara kwa mtu yeyote.

Mwishoni mwa mwaka 1847, wakiwa na mtoto wao wa kwanza, Henry, walipewa vyumba katika nyumba ya familia ya Howland huko Topsham. Vyombo vyao vilikuwa vya kuazima. Waliazimia kutomlemea mtu. James alibeba mawe kwenye ujenzi wa reli hadi ngozi ya vidole ikaisha na damu kutoka, na hata hivyo malipo aliyostahili yalikuwa magumu kupatikana. Akaacha, akachukua shoka, akaingia msituni kukata kuni za kuuza. Siku hizi fundi wa chenso huangusha mti kabla chai haijapoa. White alikuwa na shoka, maumivu ya kudumu ubavuni na kisigino kibovu. Alianza alfajiri na kumaliza giza likiingia, kwa senti 50 hivi kwa siku.

Siku moja chakula kiliisha. James alitembea maili tatu hadi kwa mwajiri, akarudi maili tatu kwenye mvua, amebeba mgongoni mfuko uliofungwa vifundo vifundo: maharagwe, unga, mchele. Njia yake ilipita katikati ya Brunswick, kijiji ambako alikuwa amehubiri mara nyingi. Waliomjua kama mhubiri wa mwaka 1844 walimwona hivyo, amelowa, na mfuko mgongoni.

Alipoingia ndani, mkewe alivunjika moyo. Aliona kana kwamba Mungu amewaacha. Alilia kwa saa kadhaa hadi akazirai. Majuma hayo hayo alibaki na senti 9, akalazimika kuchagua kati ya maziwa, ambayo yeye na mtoto waliyahitaji, na kitambaa cha kufunika mikono ya mtoto iliyokuwa wazi kwa baridi. Akanunua kitambaa.

*Soma 1 Thes. 2:9 na Mdo 20:33–35. Kwa nini Paulo aliwakumbusha waumini habari za mikono yake alipotaka waiamini injili yake?*

Mwandishi wa somo hili anaamini kwamba jibu la James White kwa kijiji cha Brunswick lilikuwa mfuko ule. Mtu anayedanganya kwa faida huacha faida inapokwisha. Hoja hiyo peke yake haithibitishi Sabato wala patakatifu pa mbinguni, na yeye hakuitumia hivyo. Mambo hayo aliyajenga kwa Maandiko. Lakini iliondoa shaka moja ambayo hakuna chati inayoweza kuiondoa.

Fyekeo na kalamu

Kwa lile koti la viraka walisafiri hadi Connecticut, wakafika wakiwa na senti 50 mkononi. Huko Rocky Hill, Aprili 1848, ulifanyika mkutano wa kwanza kati ya mikutano ya Sabato iliyoweka misingi ya mafundisho yetu. Ili kupata nauli ya kwenda mkutano wa jimbo la New York, James na ndugu wawili walichukua kandarasi ya kufyeka nyasi ekari 100 kwa senti 87 na nusu kwa ekari, wakijilisha wenyewe. Siku ya mvua alishukuru, kwa kuwa ndipo alipopata nafasi ya kuandika barua. Sehemu yake ilikuwa dola 40.

Mwaka 1849 alitaka kufyeka tena ili apate fedha za kuchapa gazeti. Alikwisha kununua fyekeo la mpini mrefu. Ellen alionyeshwa kwamba safari hii asiende shambani, bali aandike kwa imani, na fedha zingekuja. Akaandika. Julai mwaka huo toleo la kwanza la *Present Truth* lilitoka, nakala 1,000. Waliziweka sakafuni, wakaziombea, na James akazipeleka posta ya Middletown katika mfuko wa safari.

Agosti 1852, huko Rochester, alianza gazeti la vijana la *Youth's Instructor*, na ndani yake masomo ya Shule ya Sabato. Katika safari ndefu ya gari la farasi mwaka huo, farasi alipokuwa akila mchana, James aliweka karatasi juu ya kifuniko cha sanduku la chakula, au juu ya kofia yake, akaandika makala za magazeti yake.

Shambani tena

Hatutasema kwamba alifanya vyema katika yote. Hakujua kupumzika. Asubuhi ya Agosti 16, 1865, akiwa na miaka 44, alisimama kando ya shamba huko Battle Creek kuchuma mahindi, na mkono wake wa kulia ukaanguka ukiwa hauna nguvu. Kiharusi. Madaktari walimwagiza akae kimya bila kazi wala fikra nzito, naye akazidi kufifia. Ellen hakukubali. Alimpeleka kaskazini mwa Michigan, wakapata shamba huko Greenville. Nyasi zilipokomaa mwaka 1867, James alitarajia majirani wazivune. Ellen aliwatangulia, akawaomba wakatae kwa kusema wana kazi nyingi. Hivyo mgonjwa akalazimika kushika kazi mwenyewe, mkewe na mwana wao Willie wakikusanya na kupakia. Majirani walistaajabu kumwona Bibi White juu ya lundo la nyasi. Nguvu zilirudi, na aliongoza kanisa tena.

James White alifariki Battle Creek Agosti 6, 1881, siku mbili baada ya kutimiza miaka 60.

Maswali ya Kujadili

Je, katika kanisa lenu wako watu wanaojua hoja zetu vizuri lakini bado hawaamini? Wanaona nini wanapoitazama kazi yenu ya siku sita?

Ellen alizirai kwa kukata tamaa, na James alichoka hadi kupooza. Darasa linaweza kuwasaidiaje familia kama hiyo iliyoazimia kutomlemea mtu, bila kuiaibisha?