Maisha ya Mama Kevina

Teresa Kearney alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 katika wilaya ya Wicklow, Ireland. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mama naye akafariki mtoto akiwa na umri wa miaka 10. Nyanya yake ndiye aliyemlea.

Mwaka 1895 aliingia utawa huko Mill Hill, London, akapewa jina la Sista Mary Kevin. Tarehe 15 Januari 1903 aliwasili Nsambya, Uganda, pamoja na masista wenzake watano. Walianza kutibu wagonjwa chini ya mti. Baadaye zikafuata hospitali, shule, na nyumba ya yatima na wasiojiweza huko Nkokonjeru. Mwaka 1923 aliunda shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ili kazi ishikwe na wenyeji.

Alifariki Marekani tarehe 17 Oktoba 1957, akarudishwa kuzikwa Nkokonjeru.

Ndugu wanachama na wazee wetu wa Kachibora, pasipo nyanya yule Uganda isingalimpata Mama Kevina. Basi yatima aliye kwa nyanya yake katika parokia yetu asihesabiwe mzigo, wala nyanya huyo asiachwe peke yake.