Mama Aliyeacha Kufua Akauza Mafuta ya Nywele

Ndugu wanachama, kwa kuwa baadhi yetu tuliingia kikundi baada ya kupunguzwa kazi, tumeona tumweke humu Madam C. J. Walker wa Marekani. Alizaliwa Louisiana mwaka 1867, jina lake Sarah Breedlove, wazazi wake walitoka utumwani. Miaka 7 yatima, miaka 20 mjane mwenye binti. Huko St. Louis alifua nguo za watu miaka mingi kwa ujira mdogo, na nywele nazo zikanyonyoka.

Kwanza aliuza mafuta ya mama mwingine, Annie Malone. Mwaka 1906, yuko Denver, akaanza ya kwake, mtaji haufiki hata dola mbili! Yeye alitembeza nyumba kwa nyumba, na binti yake Lelia akawa anafunga vifurushi na kuvituma posta kwa wateja wa mbali. Hapo ndipo tunapompendea sisi, hakukaa kungoja mteja. Mwaka 1910 akahamia Indianapolis, akaweka kiwanda.

Mawakala wake akawapanga katika vikundi vya kulipa ada, kama sisi. Mwaka 1917, kwenye mkutano wao Philadelphia, zawadi zilikwenda kwa waliouza sana na pia kwa waliosaidia wenye shida. Alifariki tarehe 25 Mei 1919, kampuni ikaongozwa na Lelia yule wa vifurushi.